UZI: William Hoy, kiziwi aliyelinda uwanja wa kati wa besiboli kwa misimu 14

#1 Fundi Saa (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni kiziwi. Anacheza mpira, beki wa kulia, na ana mbio kuliko sote nyumbani. Mwaka juzi alikwenda kufanya majaribio kwenye timu moja ya mtaani. Akacheza vizuri nusu saa nzima, kisha wakamwambia hawamchukui kwa kuwa hasikii filimbi wala hatawasikia wenzake wakimwita. Alirudi nyumbani akaniuliza kwa alama: "Nani aliwahi kucheza juu kabisa huku hasikii?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta, na jibu nimelipata mbali, kwenye mchezo ambao ilinibidi nijifunze kanuni zake tangu mwanzo: besiboli ya Marekani ya karne ya 19.

Anaitwa William Ellsworth Hoy. Alizaliwa tarehe 23 Mei 1862 katika kijiji cha Houcktown, jimbo la Ohio, kwa wazazi wakulima. Akiwa na miaka 3 hivi alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio hayakurudi. Wazazi wakampeleka shule ya viziwi ya jimbo huko Columbus. Alimaliza mwaka 1879 akiwa wa kwanza darasani. Kisha akarudi kijijini kushona viatu, akaweka akiba mpaka akalinunua duka la aliyekuwa bosi wake.

Hapo ndipo besiboli inapoingia. Kiangazi watu wa vijijini walitembea pekupeku, kwa hiyo fundi viatu hakuwa na kazi. Hoy alikuwa akitoka nje ya duka na kucheza na vijana barabarani. Siku moja mpita njia akamwona, akavutiwa na namna anavyopiga, akamsemesha. Alipogundua kuwa ni kiziwi akaondoka zake. Kesho yake akarudi. Akamwalika acheze mechi ya timu za miji, na huko Hoy akaipiga vizuri mipira ya mrushaji wa kulipwa. Baada ya hapo duka lilimwona kwa nadra.

Mwaka 1886 alianza kulipwa akiwa na timu ya Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Na hapo, wakuu, akakutana na ukuta.

Nieleze kidogo. Kwenye besiboli mpigaji anasimama na gongo, mrushaji anamtupia mpira, na mwamuzi nyuma yake anaamua kila mrusho: ama umepita mahali panapopigika, ambapo mpigaji anahesabiwa kosa, ama ni mrusho mbovu. Mpigaji lazima ajue hesabu imefikia wapi, maana ndiyo inayomwambia apige au asubiri. Enzi hizo mwamuzi aliitamka hesabu kwa sauti tu. Hoy akawa anageuza shingo kila mara kumwangalia mwamuzi ili asome midomo, na warushaji wakauona mwanya: akigeuka tu wanarusha. Msimu wa kwanza ukaenda vibaya.

Msimu wa pili mambo yakapangwa. Akishapiga, mpigaji huzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, na mwenzake anayesimama pembeni ya kituo cha tatu kuwaongoza wakimbiaji akapewa kazi ya ziada: mkono wa kulia juu, mpira ulikuwa mzuri, mkono wa kushoto juu, ulikuwa mbovu. Hoy alipiga kwa mkono wa kushoto, na mpigaji wa kushoto kifua chake kinaelekea upande wa kituo cha tatu. Yaani yule mwenzake alikuwa mbele ya macho yake muda wote. Hakuhitaji tena kugeuza shingo. Oshkosh wakachukua ubingwa wa ligi yao mwaka 1887, na mwaka uliofuata Hoy akawa ligi kuu.

Naendelea chini, nikipata nafasi jioni.

#2 Mgomba102

Mkuu naisubiri. Ila nifafanulie, "uwanja wa kati" ndiyo nini? Kiungo?

#3 Dau la Asubuhi

Mgomba102, kama ulisoma Kenya utakuwa umecheza raundasi shuleni. Hesabu ni ileile: unapiga, unazunguka vituo, unarudi ulikoanzia, unahesabiwa alama. Wale watatu wanaosimama mbali kabisa, kushoto, kati na kulia, ndio walinzi wa nyuma. Wa kati ndiye mwenye eneo kubwa zaidi, na kwa kawaida ndiye anayewapanga wenzake wawili.

#4 Fundi Saa (mleta mada)

Asante Dau, umeeleza vizuri. Na hapo kwenye "kuwapanga wenzake" ndipo pana kisa chote.

Mpira unapopaa juu katikati ya walinzi wawili, wote wanakimbia macho yakiwa angani. Wakisikia mmoja anapiga kelele "wangu!" mwingine anasimama. Wasiposikilizana wanagongana kwa mbio zao zote, na mtu anaweza kuvunjika taya. Sasa weka pale kati mtu ambaye hasikii kabisa.

Hoy alipofika Washington mwaka 1888 aliandika tangazo na kulibandika kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Nimelisoma mara nyingi. Kwa maneno yangu, anawaambia hivi: mnajua kuwa mimi sisikii, na baadhi yenu hamjazoea uchezaji wangu, basi tuelewane mapema ili tusigongane. Mpira nikiutaka nitapiga ukelele. Msiponisikia, jueni siutaki, uchukueni ninyi.

Angalieni alivyougeuza mzigo. Kila mtu alidhani tatizo ni kwamba Hoy hasikii wenzake. Yeye akapanga iwe hivi: wao wanasikia, basi wao ndio wasikilize. Hawezi kusikia sauti ya mtu, lakini sauti anayo. Tommy Leach, aliyekaa naye chumba kimoja walipokuwa Louisville miaka ya mwisho ya 1890, alikumbuka kuwa ilikuwa sauti ndogo ya kukwaruza, na kwamba kila aliyecheza naye aliijua.

Kwa hiyo ukimya wake nao ukawa na maana uwanjani. Hapo mimi ndipo niliposimama kusoma nikamwita mdogo wangu.

Msimu huohuo wa kwanza aliongoza ligi nzima ya National kwa kuiba vituo: 82. Kuiba kituo ni kukimbia kwenda kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, mrushaji akiwa bado anajiandaa. Wengine walimsaidia mkimbiaji kwa kumpigia kelele "nenda!" au "rudi!". Hoy alienda kwa macho tu.

Kuhusu ulinzi wake: tarehe 19 Juni 1889, Washington wakicheza na Indianapolis, aliwatoa wakimbiaji 3 nyumbani katika mechi moja. Yaani mara tatu mkimbiaji alikuwa anarudi kufunga alama, na mara tatu Hoy aliudaka mpira kule mbali akautupa moja kwa moja mpaka mikononi mwa mdakaji, yule anayelinda nyumbani, kabla mtu hajafika. Ni umbali wa makumi ya mita, na lazima ufike kwenye eneo la ukubwa wa mkeka. Katika historia yote ya ligi kuu waliofanya hivyo ni wa kuhesabu vidole. Mdakaji aliyeipokea mipira hiyo alikuwa Connie Mack, ambaye baadaye aliifundisha Philadelphia Athletics kwa miaka 50.

Na Hoy hakuwa pande la mtu. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi chache, uzito haukufika kilo 70.

#5 Mama Mapacha

Naomba niulize kwa heshima. Nimemtafuta mtandaoni nikakuta kila mahali anaitwa "Dummy" Hoy. Mume wangu ni kiziwi. Hilo neno ni sawa na kuitwa bubu, na kwetu neno bubu linauma. Mbona hamkulitaja? Mnalificha au hamlijui?

#6 Fundi Saa (mleta mada)

Dada, umeuliza jambo la msingi, na sikulificha kwa nia mbaya. Nilisita.

Wakati ule Marekani karibu kila mchezaji kiziwi alibandikwa jina hilo. Ed Dundon, aliyesoma shule ileile ya Columbus na kufika ligi kuu mwaka 1883 kabla ya Hoy, aliitwa hivyo. Luther Taylor wa New York Giants naye vilevile. Magazeti yaliandika jina hilo kama jina halali, na vitabu vya kumbukumbu vikalirithi.

Hoy mwenyewe alilikubali. Wapo waliojaribu kumwita William kwa adabu, naye akawasahihisha. Pengine aliliona kama jina la kazi, alilolijaza sifa mpaka likabadilika maana kwa waliomshangilia. Lakini hiyo ni haki yake yeye, si yangu. Mimi siwezi kuliandika kwenye kichwa cha uzi halafu mdogo wangu akalisoma. Ndiyo maana humu ninamwita Hoy.

#7 Mama Mapacha

Nimekuelewa, asante. Endelea kaka.

#8 Kipanga wa Ziwa

Mimi nina habari yake moja: nimesoma kwamba ishara zote za mikono za waamuzi wa besiboli zilianzishwa kwa ajili yake. Ni kweli?

#9 Fundi Saa (mleta mada)

Kipanga, hapo twende polepole, maana habari hii inapendwa sana na mimi ningependa iwe kweli kuliko mtu yeyote.

Lililo hakika ni lile la Oshkosh: mwenzake wa kituo cha tatu alimwonyesha hesabu kwa mikono. Hoy mwenyewe uzeeni aliandika kuwa jambo hilo liliwapa waamuzi wa baadaye wazo la kuinua mkono wa kulia. Kwa upande mwingine, kwenye Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown, anayesifiwa kwa kuanzisha ishara za mikono ni mwamuzi Bill Klem, aliyeanza kuchezesha ligi ya National mwaka 1905, miaka 3 baada ya Hoy kuondoka. Waliopekua magazeti ya enzi za Hoy hawajakuta taarifa ya mwamuzi aliyebadili uchezeshaji wake kwa sababu ya Hoy.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: ishara kwa ajili yake zilikuwepo, zilitumika, na zilitolewa na wenzake wa timu. Kuruka kutoka hapo hadi kwa waamuzi wote wa ligi kuu ni hatua ndefu. Na sioni sababu ya kumwongezea sifa yenye shaka mtu ambaye za hakika zinamtosha.

Kuna nyingine ya hakika ninayoipenda zaidi. Magazeti ya wakati wake yaliandika kwamba Hoy alipodaka mpira mgumu, watazamaji walisimama wote kwa pamoja na kupunga kofia na mikono hewani. Walijua makofi hayamfikii. Mdogo wangu alipoiona sentensi hiyo aliinua mikono yote miwili akatikisa vidole. Ndivyo viziwi wanavyopiga makofi hadi leo.

#10 Mbuyu Mkavu

Niko Ohio mwaka wa 11 sasa na besiboli naifuatilia. Mkuu uzi mzuri, lakini tusiwe wepesi na zile 82. Kabla ya 1898 mkimbiaji alihesabiwa "ameiba" hata pale aliposogea kituo cha ziada kwa pigo la mwenzake. Namba za miaka hiyo zimevimba kwa wachezaji wote. Na wastani wake wa kupiga, .288 hivi (yaani mapigo 288 katika kila majaribio 1,000), ni mzuri lakini wapigaji wa enzi zake kama Willie Keeler na Ed Delahanty walikuwa juu sana. Ndiyo maana Cooperstown hayumo.

#11 Fundi Saa (mleta mada)

Mbuyu, hoja ya kuiba vituo naipokea yote, na ningepaswa kuitaja mwenyewe. Ila wote walihesabiwa kwa kipimo hichohicho mwaka ule, naye akawa wa kwanza.

Kwenye wastani ndipo tunapoachana. Kazi ya Hoy ilikuwa kuanza foleni ya wapigaji, kufika kituoni kwa njia yoyote, kisha kukimbia. Mpigaji akivumilia mirusho mibovu mpaka idadi itimie anapewa kituo cha kwanza bure, na wastani wa kupiga hauioni kabisa kazi hiyo. Hoy alipewa vituo bure zaidi ya mara 1,000. Alipostaafu alikuwa wa pili katika historia yote, nyuma ya Billy Hamilton peke yake. Aliongoza ligi mbili tofauti kwa jambo hilo, mwaka 1891 na mwaka 1901, miaka 10 katikati. Fikiria sasa: kujua mrusho upi ni mbovu na hesabu imefika wapi ndilo jambo walilosema kiziwi hataliweza.

Ongeza na haya. Alifunga alama zaidi ya 100 katika misimu 9. Alipiga mapigo zaidi ya 2,000. Alicheza mechi 1,796, na 1,795 kati ya hizo alikuwa mlinzi wa nyuma. Alipoacha, hakuna mlinzi wa nyuma aliyekuwa amedaka mipira mingi kumzidi, na rekodi yake ya mechi uwanja wa kati ilidumu hadi 1920. Glavu za wakati ule zilikuwa nyembamba.

Keeler na Delahanty walipiga vizuri kumzidi, sibishi. Lakini Cooperstown wamo walinzi wa nyuma wa miaka hiyo ambao ukiwaweka kando yake hawamfuniki. Cincinnati Reds walimwingiza kwenye jumba lao la heshima mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Gallaudet, cha viziwi, kimeuita uwanja wake wa besiboli kwa jina lake. Cooperstown bado.

#12 Mbuyu Mkavu

Hilo la vituo vya bure sikuwa nimelitazama hivyo. Nakubali, foleni ya mbele ilimfaa. Nimeangalia pia amecheza ligi kuu 4 tofauti. Ilikuwaje?

#13 Fundi Saa (mleta mada)

Ni historia ya mchezo wenyewe, yeye alikuwa ndani yake. Mwaka 1890 wachezaji waligombana na wenye timu juu ya mishahara na mikataba iliyowafunga, wakajitenga na kuanzisha ligi yao wenyewe. Hoy alijiunga nao, akaenda Buffalo. Ligi ile ilikufa baada ya msimu mmoja. 1891 akawa St. Louis kwenye American Association, chini ya Charles Comiskey, na ligi hiyo nayo ikafungwa. Akarudi National: Washington tena, halafu Cincinnati kuanzia 1894, halafu Louisville 1898 na 1899, alikocheza pamoja na Honus Wagner, nyota wa baadaye, Wagner akiwa bado kijana.

Mwaka 1900 Comiskey alimchukua Chicago, kwenye ligi ya American iliyokuwa bado haijatambuliwa kuwa kuu. Ilipotambuliwa 1901, Chicago walikuwa mabingwa wake wa kwanza, na Hoy alikuwa akiingia miaka 39.

Msimu wa mwisho alirudi Cincinnati. Tarehe 16 Mei 1902 wakakutana na New York Giants, na aliyekuwa anarusha alikuwa Luther Taylor. Ilikuwa mara ya kwanza viziwi wawili kukabiliana ligi kuu. Hoy alipokwenda kupiga alimwambia kwa alama: nimefurahi kukuona. Halafu akapata mapigo 2 kwa mipira yake siku hiyo. Pale Giants, kocha John McGraw na wachezaji wengi walijifunza lugha ya alama ili waongee na Taylor.

#14 Mgomba102

Dah. Na maisha ya nyumbani? Alioa?

#15 Fundi Saa (mleta mada)

Alioa mwaka 1898. Mkewe, Anna Maria Lowery, alikuwa mwalimu wa viziwi, naye kiziwi. Leach alisimulia kuhusu nyumba yao: mgeni akivuta kitasa cha mlangoni, gololi nzito ya risasi ilidondoka sakafuni, na wao wakausikia mtikisiko miguuni, wakaenda kufungua. Mimi ni fundi na nilipofika hapo nilichukua karatasi kuuchora mtambo huo.

Walinunua shamba la ng'ombe wa maziwa Mount Healthy, karibu na Cincinnati, wakaliendesha zaidi ya miaka 20. Wakati wa vita kuu ya kwanza alifanya kazi kampuni ya matairi ya Goodyear, akisimamia mamia ya wafanyakazi viziwi. Mwanawe Carson akawa jaji.

Tarehe 7 Oktoba 1961 Cincinnati walicheza na Yankees mechi ya tatu ya fainali, uwanja wa Crosley Field. Waliyemkaribisha kurusha mpira wa kwanza ni Hoy, akiwa na miaka 99. Uwanja mzima ulisimama. Alikufa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, miezi 5 kabla ya kutimiza 100.

#16 Mama Mapacha

Nimemtafsiria mume wangu uzi wote, tumekaa mpaka saa tano usiku. Anauliza habari za mdogo wako: bado anacheza?

#17 Fundi Saa (mleta mada)

Anacheza, dada. Amepata timu nyingine mwezi wa tatu. Nililiandika lile tangazo la Hoy kwa Kiswahili, nikalibadilisha kidogo liwe la mpira wa miguu, nikampa alisome kabla hatujalipeleka kwa kocha wake. Akalisoma, akachukua kalamu, akakata mstari wa ukelele. Yeye hapendi kutumia sauti yake. Badala yake akaandika: nikiutaka mpira nitainua mkono wa kushoto, na kipa naye ainue wake akiutaka, kwa hiyo mniangalie na mimi nitawaangalia.

Kocha amelibandika mlangoni mwa stoo ya mipira. Jumamosi tunacheza.